Maji ikitoka, isirudi mu tiyo

Siku ya posho asubuhi, ukipita mu barabara za Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, utasikia ngurumo ya zile mashine za kuosha motoka. Watu wanaziita zote Kärcher, hata kama jina iliyoandikwa juu ni ingine. Kijana amefunga tiyo ku robine ya lupango, ndoo ya sabuni iko pembeni, matope inatoka ku magurudumu. Ni kazi, na inaleta chakula ku nyumba. Hatuandike leo kwa kumfukuza yule kijana. Tunaandika juu ya kitu moja kidogo ambayo haiko pale: kitu ya kuzuia maji isirudi nyuma.

Wengi wetu tunafikiri kwamba maji inajua njia moja tu: kutoka ku tiyo kubwa ya mtaa, kupita ku kontere, kuingia mu nyumba. Lakini maji haina mkubwa. Inafuata nguvu tu. Pale nguvu iko nyingi inatoka, pale nguvu iko kidogo inaenda. Siku tiyo kubwa inapasuka, ao umeme inakatika na pompi zinasimama, nguvu ya mtaa inashuka. Maji yenye ilikuwa inakuja kwako inaanza kurudi, na ikikuta ncha ya tiyo yako ndani ya ndoo, inavuta na ile yenye iko ndani ya ndoo. Ni kama mtu anavuta petroli na mdomo kwa kuitoa mu tanki ya motoka. Ile njo njia ya kwanza.

Njia ya pili ni mashine yenyewe. Mashine ya kuosha inasukuma maji kwa bari 100 na zaidi, wakati robine ya nyumba iko na bari mbili ao tatu, tena siku ya bahati. Klape za ndani ya pompi zikichoka, maji yenye imelala mu mashine, pamoja na sabuni, inaweza kusukumwa nyuma. Na tena, wakati maji ya mtaa iko kidogo, pompi inaanza kunyonya tiyo. Tiyo yenye imezeeka iko na matundu mu viungo vyake. Wakati maji iko na nguvu, inavuja inje. Wakati pompi inanyonya, matope ya inje njo inaingia ndani.

Hatusemi vitu vya kusoma tu. Tuliona sisi wenyewe, mu kampi moja ya watumikaji. Mwenzetu alitoka zamu ya usiku, akaanza kuosha motoka yake mbele ya kulala. Aliweka ncha ya tiyo ndani ya ndoo ya sabuni, akaacha robine wazi, akaenda kuongea na jirani. Maji ikakatika mu kampi muzima. Bibi yake alikuwa jikoni, na jiko ile iko chini kidogo kuliko pale motoka ilisimama. Akafungua robine atazame kama maji ingali inatoka. Ikatoka, ya povu. Akaita: «Baba, njoo uone, leo wametuwekea sabuni mu maji!» Tulipoenda kutazama ndoo, ilibaki nusu. Tulicheka. Kiisha tukanyamaza, juu ya pale ku meza kulikuwa kikombe ya mtoto.

Siku ile ilikuwa sabuni. Ingeweza kuwa dawa ya kuua wadudu, yenye watu wanachanganya mu pompi ya bustani. Ingeweza kuwa maji ya kuoshea lori yenye imetoka kubeba minerai.

Sisi watu wa mines tulipashwa kuwa wa kwanza kuelewa hii mambo. Ku usine ya shaba na kobalti, maji haiko ya aina moja. Kuko maji ya kunywa, kuko maji ya kazi, na kuko ile yenye imechanganyika na asidi ya sulfuriki yenye inayeyusha minerai. Kila mtumikaji anajua dushi ya usalama na ile bakuli ya kuoshea macho. Siku asidi inakurukia, hauna wakati wa kuuliza. Unakimbia, unavuta, unaacha maji itembee mu macho dakika 15. Sasa fikiri kwamba mtu alifunga tiyo ya kuosha sakafu ku tiyo ya maji safi, akaacha ncha yake ndani ya tanki. Maji ya kukuokoa njo itakuunguza. Ni juu ya ile tunapigania ku mikutano ya usalama: tiyo zitengane, klape ziwekwe, na zipimwe, zisibaki mapambo.

Lakini mtumikaji yule yule anatoka kazini, anavua kofia ngumu, anafika mu lupango yake, na anafunga mashine ku robine bila kitu yoyote katikati. Ni kama usalama imebaki ku geti ya kompanyi. Watoto wetu hawana kofia wala komite ya usalama. Wako na sisi tu.

Mtu asifikiri kwamba hii ni shida ya maskini. Mwaka wa 2007, mu mji wa Nokia, kule Ufini, mahali wanasafisha maji ya vyoo, tiyo ya maji ya kazi ilikuwa imeunganishwa na tiyo ya maji ya kunywa, kati yao valvu tu. Valvu ikafunguliwa. Maji ya vyoo ikaingia mu tiyo za mji, na watu maelfu wakaugua tumbo. Ilikuwa inchi tajiri, yenye mainjinia na maabara. Kiungo moja tu ilitosha.

Kuko wale watatuambia: «Bandugu, munatuletea mambo ya klape, na maji yenyewe hatuna! Robine inakauka siku tatu, munasema juu ya Kärcher?» Tunasikia. Ile swali ni ya haki, na jibu yake njo roho ya haya maandishi. Mahali maji haikatike hata siku moja, hatari ya kurudi nyuma iko kidogo. Mahali inakatika kila mara, kila mara mlango unafunguka. Sisi wenye kukosa maji njo tuko na lazima ya klape kuliko wengine. Na sisi wa Katanga tunajua vile inakuwa wakati uchafu unapata njia ya kufika mu kikombe: mwaka wa 2008 kolera ilipiga Likasi na Lubumbashi, na hatujasahau.

Basi tufanye nini? Dawa ya kwanza haina bei. Ni hewa. Usifunge mashine ku robine. Jaza pipa, na kati ya mdomo wa robine na ukingo wa pipa acha nafasi ya sentimeta mbili ao zaidi. Mdomo ukiwa mpana, nafasi ipite mara mbili ya upana wake. Kiisha mashine ivute maji mu pipa, kama ni ya aina yenye inaweza kuvuta, na uweke chujio ku ncha. Uchafu hauruke hewa. Hata tiyo kubwa ikinyonya namna gani, itanyonya upepo tu.

Dawa ya pili, kama unapashwa kufunga ku robine: weka kizuizi. Klape ya kawaida inaacha maji ipite upande moja tu. Ni mzuri kuliko kukosa, lakini chembe moja ya mchanga ao ya chokaa inatosha kuiacha wazi, na kwa mashine ya sabuni haitoshe. Watengenezaji wa hizi mashine wanaandika wenyewe mu kitabu chao kwamba zisifungwe ku maji ya kunywa bila diskonekta ya aina BA. Ile iko na klape mbili na chumba katikati. Nguvu ikigeuka, chumba kinafunguka na maji inamwangika inje, chini, haiingie mu nyumba. Tena maji yenye imekwisha kupita ku diskonekta haihesabiwe tena kuwa ya kunywa. Usijaze bidoni ya nyumba ku tiyo ya mashine.

Dawa ya tatu ni desturi. Ukimaliza, funga robine, bonyeza bastola ya mashine mpaka nguvu iishe, kiisha fungua tiyo. Usiache ncha ndani ya ndoo hata dakika moja. Na maji ikirudi kiisha kukatika, acha ya kwanza itoke mbele ya kuweka sufuria.

Sasa tuongee juu ya nani analipa, maana pale njo mambo mengi inakufia. Kijana wa kuosha motoka anatumika kwa siku. Kumwambia anunue diskonekta ni sawa na kumwambia afunge kazi, na kesho atafungua ingine mu kona, mbali na macho. Robine ni ya mwenye lupango, na yeye njo anapokea makuta ya maji kila mwezi. Kizuizi kifungwe ku robine, na mwenye robine akinunue. Mu kampi na mu nyumba za kompanyi, ni kompanyi. Kama iko na makuta ya kulinda pompi zake za usine, iko nayo ya kulinda robine za watumikaji wake. Tunaomba delegasyo zote za sendika waandike hii neno mu kaye ya madai, pamoja na mambo ya mshahara na dawa, wasiione kuwa neno dogo.

Kwa Regideso na wakubwa wa mitaa, tunaomba vitu viwili. Klape ku kila kontere mpya, na mafundi wapite mahali motoka zinaoshwa kwa kufundisha, si kwa kutoza faini na kuenda zao. Katiba yetu, mu kipengele cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Maji yenye imerudi na sabuni ya motoka haistahili lile jina.

Na kwa sisi wenyewe: tusingoje kompanyi, tusingoje Regideso. Leo jioni, mbele ya kulala, toka inje na taa yako, utazame ncha ya tiyo ya lupango iko wapi. Kama iko ndani ya ndoo, itoe.