Tuzidai Nakala za Hukumu Zetu



Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliyasema hayo juu ya duka, na leo sisi twataka kuyasema juu ya shamba. Hapana mwanachama apelekaye karafuu zake kwenye mizani ya ZSTC akaondoka bila ya stakabadhi. Gunia likipungua kilo moja tu, atasimama pale pale mpaka hesabu ifanywe tena. Lakini mtu huyo huyo akishinda kesi ya mpaka, au ya urithi wa mikarafuu, hutoka mahakamani akapeana mikono na jamaa zake, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Shamba ni lake, na watu wote wamesikia. Karatasi ya nini tena?

Sisi twaona kosa hilo ni kubwa kuliko kupoteza gunia zima. Waliosikia watakufa, hakimu atahamishwa, na mtoto wa aliyeshindwa atakua. Siku atakapokuja na wachumaji wake, karafuu zikiwa zimeiva mtini, ni nani atakayesema mahakama iliamua nini?

Funzo la jambo hili tumelipata mbali na kwetu, huko Karatu, katika mkoa wa Arusha, kwenye miteremko iliyo chini ya msitu wa Ngorongoro. Ile si nchi ya mikarafuu. Watu wake hulima mahindi, ngano, maharage na kahawa. Lakini ugomvi wa ardhi hauchagui zao. Katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, walikuwako baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Shamba lao la asili lilichukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Hawakunyamaza. Walishtaki katika mahakama ya Hakimu Mkazi, Arusha, na mwaka 1987 wakapata hukumu ya kurudishiwa ardhi yao.

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria Namba 22, iliyofuta haki za mila juu ya ardhi katika vijiji vile, ikakataza fidia, ikazizuia mahakama kusikiliza madai hayo, na ikakataza hata hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Yaani mtu aliyeshinda jana aliambiwa leo kuwa hakushinda. Baba na mwana wakaipinga sheria hiyo mbele ya Mahakama Kuu, wakashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya mila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kuchukuliwa bila ya fidia ya haki.

Hukumu ile ni Rufaa ya Madai Namba 31 ya mwaka 1994, nayo imechapwa katika vitabu vya hukumu za Tanzania vya mwaka 1995, ukurasa wa 80. Mkulima wa mahali po pote aweza kuitaja kwa namba yake, na hakimu akaifungua na kuisoma. Na Mahakama hiyo ya Rufani ndiyo inayosikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, ila mambo machache kama yale ya Kadhi. Basi mtu asituambie kuwa ya Karatu hayatuhusu.

Karibu na hapo pana mfano mwingine. Kijiji cha Ololosokwan na vijiji vyenzake vya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, vilipeleka shauri la ardhi yao mwaka 2017 katika Mahakama ya Haki ya Afrika ya Mashariki, iliyoko Arusha. Septemba 2022 shauri lilitupwa, ikisemwa kuwa ushahidi haukutosha. Wanavijiji wakakata rufaa, na Novemba 2023 uamuzi ule ukatenguliwa, ikaamriwa shauri lisikilizwe upya. Wenzetu na tuliangalie hilo vizuri. Majaji wa rufaa hawakai kusikiliza mashahidi upya. Wao husoma yaliyoandikwa katika kesi ya kwanza. Lisiloandikwa, au lililoandikwa lakini halikupatikana, kwao ni kama halikusemwa.

Sasa mwanachama atauliza: nakala hizi huombwaje? Njia ni moja, Karatu na kwetu, na haina uchawi.

Kwanza, jua jalada lako liko wapi. Mtu wa Karatu mwenye kesi ya shamba hutazama kama ilisikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au na mahakama ya kawaida. Sisi Visiwani tunayo Mahakama ya Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kesi za mirathi aghalabu huwa kwa Kadhi. Tena kumbuka kuwa kesi ikikatiwa rufaa, jalada la chini huitishwa juu. Wengi huambiwa halipo, wakakata tamaa, kumbe limelala katika masjala ya Mahakama Kuu.

Pili, kusanya alama za jalada: namba ya kesi na mwaka wake, majina ya mdai na mdaiwa kama yalivyoandikwa siku ile, jina la mahakama, na tarehe ya hukumu. Ukikosa namba, majina na mwaka vitamsaidia karani kutafuta katika daftari la kesi. Ukikosa vyote, unamtuma mtu kutafuta sindano baharini.

Tatu, andika barua. Katika Mahakama Kuu iende kwa Msajili, na katika mahakama za chini kwa hakimu mkuu wa kituo. Taja waziwazi unalolitaka, kwani hukumu ni kitu kimoja, tuzo inayotekelezwa ni kingine, na mwenendo wa kesi, yaani maneno ya mashahidi wote, ni kitu cha tatu. Omba nakala zilizothibitishwa kwa muhuri. Lipa ada iliyowekwa, chukua stakabadhi, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokewa. Kama wewe hukuwa katika kesi ile, eleza una haja gani nayo. Hukumu husomwa hadharani, lakini si kila jalada hufunguliwa kwa kila mtu, khasa mambo ya watoto.

Nne, usichelewe. Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani kwa kesi ya madai hutoa taarifa yake ndani ya siku 30, kisha ana siku 60 za kufungua rufaa yenyewe. Siku za kungojea nakala hazihesabiwi, lakini kwa sharti: awe ameziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mpinzani wake awe amepelekewa nakala ya barua ile. Aliyeomba kwa mdomo, hata akiwa na mashahidi mia, hana dai.

Hukumu nyingi za mahakama za juu zinasomwa bure katika intaneti, katika maktaba ya TanzLII, na kwa upande wetu ZanzibarLII. Kijana mwenye simu aweza kumtafutia babu yake kwa jina au kwa namba. Na majalada ya mahakama ya zamani sana hutafutwa katika Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Twajua wako watakaosema kuwa safari ni ndefu, ada ni mzigo, na makarani humwambia mtu arudi kesho kila siku. Hatukatai; wapo wanachama wetu waliorudishwa hivyo mara nyingi. Lakini aliyeandika barua na kushika namba hurudishwa kwa haya, na asiye na barua hurudishwa bila ya haya. Na gharama ya nakala haikaribii gharama ya kuanza kesi upya.

Kwa hiyo sisi twatoa shauri hili kwa Chama. Kila tawi liwe na mtu mmoja ajuaye kuandika barua hizi, awasaidie wazee bila ya malipo. Liwe na sanduku la chuma, au kabati lenye kufuli, la kuwekea nakala ya pili ya kila hukumu ya mwanachama atakaye. Na kila mwenye kesi iliyokwisha, hata ikiwa ya miaka ishirini iliyopita, aitafute nakala yake kabla ya msimu ujao.

Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na anayeupanda aghalabu huwapandia wajukuu wake. Basi mwenye kuwaachia mti na asisahau kuwaachia na karatasi. Akiba haiozi.