Kagera Isingoje Majibu ya Mbali

Tarehe 21 Machi 2023, Serikali ilipotangaza kwamba ugonjwa uliozuka Bukoba Vijijini ni Marburg, watu watano walikwisha kufa, mmoja wao akiwa mtumishi wa afya. Sampuli zilikuwa zimepelekwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, waliougua walikuwa 9 na waliokufa 6. Mwaka 2025 ukazuka tena mkoani humo, safari hii Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuugua wakafa.

Hapana budi, basi, watumishi na walimu wautazame kwa makini ufundi ambao wataalamu huuita saketi za mantiki za kibiolojia. Saketi hizo hazina waya wala umeme. Kazi ya kupima na kuamua hufanywa na kemikali za uhai zenyewe.

Wananchi wa Muleba wamekwisha kuiona mantiki ya namna hiyo katika chandarua. Mbu wa huko walikuwa na vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawaua. Kuanzia mwaka 2014 kilijaribiwa wilayani humo chandarua chenye kemikali ya pili, PBO, inayovizuia vimeng'enya hivyo. Dawa ikiwapo, na kimeng'enya kikizuiwa, mbu hufa. Sharti moja likikosekana, huenda akapona. Katika mwaka wa kwanza maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 44 kuliko palipotumika vyandarua vya kawaida.

Mwaka 2014 huohuo, wanasayansi wa Marekani walikausha viambato vya chembe hai juu ya vipande vya karatasi. Ndani yake mna uzi wa RNA uliojikunja na kuficha amri yake. Ukikutana na RNA ya kirusi inayolingana nao, hukunjuka, amri husomeka, na karatasi hubadilika kutoka manjano kuwa zambarau. Karatasi hizo hukaa bila jokofu. Kwa kubadili mpangilio wa uzi tu, walitengeneza vipimo 24 vya Ebola katika muda wa saa 12, vikiwamo vya kutofautisha aina ya Sudan na ya Zaire.

Vipimo hivyo vilikuwa vya maabara, si vya wodini. Sampuli yenye virusi vichache huhitaji kwanza kuongezwa RNA yake, na karatasi haimwondolei mhudumu glovu wala barakoa.

Hata hivyo, thamani ya ufundi huu haimo katika karatasi, imo katika kujua kuuandika upya ule uzi. Taifa likinunua karatasi zilizokwisha kutengenezwa, litapima ugonjwa wa jana. Kirusi kingine kikizuka Kanyangereko, foleni itaanza upya. Fedha za kuwasomesha vijana wachache kazi hiyo, na za kuwapa maabara ndogo mjini Bukoba, zastahili kutengwa kabla ya fedha za kununulia shehena ya vipimo. Na mwalimu wa biolojia wa kidato cha sita aweza kuanza sasa, kwa chandarua cha Muleba na ubao.