Uzee si Hoja ya Kumnyima Mama Tiba

 

Ndugu Waislamu, ipo kauli iliyozoeleka mno majumbani mwetu, tangu visiwa vya Delta ya Rufiji hadi Kibiti mjini. Mama mtu mzima akionekana kuwa na uvimbe katika titi, wanawe hukaa kikao, na mwisho wa kikao husemwa: "Bibi keshakula chumvi nyingi, tusimsumbue, tumwachie Mungu." Wasemao hayo hudhani kuwa wanamhurumia mzazi wao na kwamba wanatawakali. Sisi tunasema kuwa hiyo si huruma, wala si tawakali.

Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo watafute dawa. Akawaamuru wajitibu, na akawafahamisha kuwa kila maradhi Allah ameyawekea dawa, isipokuwa moja tu, nalo ni uzee. Natuzingatie: kilichovuliwa hapo ni uzee wenyewe, si maradhi ya mzee. Hakuna dawa ya kumrejesha bibi wa miaka 70 kuwa binti. Lakini saratani iliyo katika titi lake ni maradhi, nayo imo ndani ya amri ya kujitibu.

Hatukanushi kuwa uzee una athari. Qur'ani Tukufu (36:68) imetukumbusha kuwa mwenye kupewa umri mrefu hurudishwa nyuma katika umbile lake. Matabibu nao wanaeleza kuwa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambamo hukomazwa baadhi ya askari wa kinga ya mwili, husinyaa kadiri miaka inavyopita. Askari wapya hupungua, na mwili huweza kubaki na mfukuto mdogo usiokwisha, mfano wa kaa lililofukiwa majivuni. Dalili za mfukuto huo huonekana katika vipimo vya damu. Ndiyo maana daktari hupima damu, moyo, figo na nguvu za mgonjwa kabla ya kuchagua tiba na kiasi chake.

Lakini idadi ya miaka peke yake si hukumu. Wanawake wawili wa miaka 70, mmoja angali akienda shambani kwa miguu yake na mwingine ana kisukari na shinikizo la damu, miili yao haiko sawa. Isitoshe, saratani nyingi za matiti za akina mama wazee ni za aina inayochochewa na homoni, na hiyo huweza kuzuiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, ambavyo humezwa nyumbani. Aina hiyo haijulikani kwa kutazama. Ni lazima kipande cha uvimbe kipimwe maabara. Basi anayesema "bibi hataweza tiba" amehukumu kabla ya ushahidi.

Mwenendo wa maisha nao una sehemu yake. Kazi za mwili hupunguza hatari ya maradhi haya, na kunyonyesha vivyo hivyo. Na Allah (2:233) ametaja miaka miwili kamili kwa atakaye kukamilisha. Unene baada ya hedhi kukoma huongeza hatari, na pombe, ambayo ni haramu, huiongeza pia. Hata hivyo, tusimlaumu mgonjwa. Saratani humpata hata aliyepanda mpunga na kupiga kasia maisha yake yote, na humpata hata mwanamke kijana.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya. Mgonjwa wa Delta husubiri maji yajae ndipo apande chombo hadi Nyamisati, kisha atafute gari hadi barabara ya Kilwa, na safari yake huweza kuishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Safari hiyo ni ndefu bila ya sisi kuirefusha kwa hirizi na waganga, hadi titi lipasuke.

Wapo wanaozuia kwa hoja ya stara. Atafutwe tabibu wa kike. Akikosekana, wanazuoni wamekubali kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kadiri ya haja.

Kwa hiyo tunatoa wito. Maimamu walizungumze jambo hili katika khutba bila haya. Akina mama wasisubiri maumivu: uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, au damu kutoka chuchuni ni sababu ya kwenda kupimwa, hata kama hakuna kinachouma. Na kila msikiti utenge fungu la nauli ya wagonjwa, kwani nauli ndiyo inayowashinda wengi.

Mzazi aliyetubeba tumboni hastahiki kuzikwa na kikao cha wanawe angali hai.