Vyuo vya uuguzi visitucheleweshee hati

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalowahusu wauguzi wa Kitanzania walioko Marekani wanaotaka kujiendeleza, na hasa juu ya vyuo vya nyumbani vilivyotufundisha.

Huku kuna aina ya muuguzi ambayo kwetu haijazoeleka. Ni muuguzi aliyerudi chuo kikuu akachukua shahada ya pili, au ya udaktari wa uuguzi, kisha akapewa leseni ya kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Mimi namwita muuguzi mtabibu. Mafunzo hayo yalianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, yakiongozwa na muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver, kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na daktari wa kuwatazama. Mama Ford alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104, na wauguzi wa namna hiyo walikwisha kuzidi 385,000. Katika majimbo zaidi ya 25 wanatibu bila kusimamiwa na daktari. Katika mengine, kama Texas, ni sharti wawe na mkataba na daktari. Msomaji aliyekulia kijijini atasema hilo si ajabu, kwani muuguzi wa zahanati yake hutibu kila tabibu anaposafiri. Ni kweli. Ila huku anayefanya hivyo amesomea, ana leseni na analipwa kwa kazi hiyo.

Kuingia katika masomo hayo ndiko kwenye shida. Wanataka shahada ya kwanza ya uuguzi, leseni ya muuguzi, wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4 kwa vyuo vingi, barua za wadhamini, insha ya kueleza kwa nini unataka, na mara nyingi usaili. Mwenye stashahada hana budi kutafuta kwanza shahada, au chuo chenye njia ya kuunganisha vyote viwili. Na hata ukitimiza yote hayo unaweza kukataliwa. Mwaka 2021 vyuo vya uuguzi vya Marekani vilikataa maombi 91,938 ya watu wenye sifa, shahada ya kwanza na za juu kwa pamoja. Sababu kubwa ni uhaba wa walimu, maana hospitali zinalipa kuliko vyuo, na uhaba wa mahali pa kufanyia mazoezi. Muuguzi mtabibu anatakiwa kufanya mazoezi kwa wagonjwa saa zisizopungua 750, tena chini ya msimamizi, na vyuo vingine humwachia mwanafunzi ajitafutie msimamizi mwenyewe. Ninamjua mwenzetu aliyehangaika miezi mitano kutoka kliniki moja hadi nyingine akiomba kupokewa, huku ada ameshalipa.

Sasa na fedha zimeanza kubana. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeweka kwamba, kuanzia 1 Julai 2026, mkopaji mpya wa masomo ya juu asipewe na Serikali zaidi ya dola 20,500 kwa mwaka, isipokuwa wale wa taaluma maalum wanaoruhusiwa hadi dola 50,000. Novemba 2025 kamati iliyoitwa na Wizara ya Elimu ya huko ilikubaliana juu ya orodha ya taaluma hizo. Madaktari na wanasheria wamo, wauguzi hawamo. Vyama vya wauguzi vimepiga kelele, na kwa maoni yangu vina haki. Kwa sisi wenye vibali vya ukaazi wa kudumu, ambao tunaruhusiwa kukopa lakini hatuna mjomba wa kutukopesha pembeni, kukosa nafasi mwaka mmoja si jambo la kusema utajaribu tena mwakani.

Ndipo ninapofika kwenye vyuo vyetu, Ndugu Mhariri. Hati ya masomo ya mtu aliyesoma nje haipokelewi mkononi mwake. Sharti itoke chuoni moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa njia ya kompyuta, iende kwa shirika linalokagua hati za wauguzi wa kigeni. Shirika hilo linataka kuona saa za darasani na saa za wodini kwa kila somo: upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya akili na mengineyo. Linataka pia maelezo ya namna chuo kinavyotoa alama. Alama 70 kwa baadhi ya vyuo vyetu ni A. Kwa Mmarekani asiyeelezwa, 70 ni ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Mimi nimekuwa muuguzi katika jiji la Minneapolis kwa miaka tisa. Niliandika chuoni kwangu mwezi Machi, nikalipa ada ya hati. Niliambiwa mhusika yuko likizo. Aliporudi ikawa muhuri uko kwa mkuu, na mkuu yuko semina. Hati ilifika huku Januari, haina saa za mazoezi hata moja, wakati maombi yalifungwa Desemba mosi. Jalada langu likaandikwa kuwa halikukamilika. Hakuna aliyesoma insha yangu wala barua za madaktari walionidhamini. Wauguzi waliosoma Ufilipino ninaofanya nao kazi walipata zao mapema wakaendelea.

Wapo watakaosema sisi tumekimbia nchi, basi tujitegemee. Neno hilo nalielewa, na hospitali za wilaya zenye muuguzi mmoja kwa wodi nzima usiku nimezifanyia kazi. Lakini hati iliyokaa droo la ofisi haimrudishi muuguzi hata mmoja wodini. Na wanaoumia si sisi tu; muuguzi wa Songea anayeomba shahada ya pili hapo hapo nchini anadaiwa hati na chuo kile kile.

Naomba wizara zinazohusika zivitake vyuo vya uuguzi viwe na fomu moja ya hati, yenye saa za darasa na za mazoezi na maelezo ya alama, na viweke idadi ya siku za kuitoa baada ya ada kulipwa. Waliomaliza zamani, ambao madaftari yao bado yako kwenye makabati, waanziwe kwanza, kwani karatasi zao zinaliwa na mchwa.

Muuguzi Mtanzania,
Minneapolis, Marekani.