Tuuzieni kasi ya saa 2 usiku

BARAZANI
Na Zuhura Mbwana

Jumanne mbili zilizopita, saa 2 usiku, Rehema alitoka chumbani ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Rehema ni mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo na anakaa kwangu Tabata. Kipindi chake cha mtandaoni kilikuwa kimeganda: mwalimu kafumba jicho moja, mdomo wazi, sauti hakuna. "Shangazi," akaniuliza, "si ulisema tunalipia 30?"

Tunalipia megabiti 30 kwa sekunde, na risiti ninazo. Tulipopima kasi palepale chumbani kwake, ikaja 6.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanijibu: "Mama, kifurushi chako ni cha kasi hadi 30." Akanyamaza, kana kwamba jibu limekamilika. Na kwa upande wake lilikuwa limekamilika, kwa sababu 6 imo ndani ya "hadi 30". Hata 1 imo. Neno hilo dogo ndilo lililonifanya niandike wiki hii, maana najua wasomaji wengi wameshaambiwa maneno hayohayo na wakakata simu wakidhani wao ndio hawakuelewa.

Kabla sijamlaumu anayeuza, nitende haki. Si kila namba ndogo ni wizi. Namba nyingine tunazisoma vibaya, na nyingine tunaziua wenyewe ndani ya nyumba zetu. Tukienda kulalamika bila kutenganisha ya kwetu na ya kwao, tutarudishwa mlangoni.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini simu na kompyuta zetu zinapopakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mwenye 30 akiona faili linashuka kwa 3.7 asipige kelele, amepata haki yake yote. Filamu ya megabaiti 600 kwake itachukua kama dakika 2 na sekunde 40. Matangazo huandika herufi ndogo "b", simu huandika kubwa "B", na tofauti ya herufi hizo mbili ni mara 8. Zaidi ya hapo, kila kipande cha data husafiri na bahasha yake yenye anwani ya kinakotoka na kinakokwenda, na bahasha nazo hula nafasi. Ukilipia 30 ukapata 28, umepimiwa sawasawa.

Siku iliyofuata alikuja fundi, kijana wa mtaani kwetu anayefunga mitandao ya maofisini. Simu hakuigusa. Alitoa kebo fupi ya buluu kwenye begi, akachomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta, akasema: "Mama, kwanza tujue kama maji yanafika getini. Ya bomba la jikoni baadaye." Ilikuwa saa 4 asubuhi. Kwa kebo ikaja 28. Akachomoa, akaenda chumbani kwa Rehema na waifai. Ikaja 7.

Hapo nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya ile kasi ilikuwa inafia sebuleni kwangu. Ruta nilikuwa nimeiweka chini, ndani ya kabati la vioo, nyuma ya runinga, kwa sababu nyaya zake hazipendezi machoni. Kutoka pale hadi kitandani kwa Rehema, mawimbi yalipaswa kuvuka mgongo wa runinga, kuta mbili za tofali za saruji, nguzo yenye nondo na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Chuma na kioo cha kujitazamia huyarudisha mawimbi, na saruji huyanyonya. Fundi akaitoa ruta, akaitundika ukutani kwenye korido, juu ya usawa wa kichwa. Chumbani ikapanda mpaka 22, bila kuongeza hata shilingi kwenye kifurushi.

Akanionyesha na jambo la pili. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yenye msongamano. Njia zake zisizoingiliana ni tatu tu: namba 1, 6 na 11. Katika ghorofa lenye familia 20, kila mlango na ruta yake, wote wanagombania njia tatu, na oveni ya maikrowevu ikiwashwa nayo inapiga kelele kwenye mawimbi hayohayo. Ya gigahezi 5 ina kasi na nafasi kubwa zaidi, ila huchoka mapema ukutani. Anayekaa karibu na ruta atumie ya 5.

Wanaolipia zaidi ya 100 na kila wakipima inagota kwenye 94 hivi, wasihangaike na waifai. Waitazame kebo. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya 8. Kasi ya 100 hutumia 4, na ile ya 1,000 inahitaji zote 8. Uzi mmoja ukikatika chini ya mguu wa kochi, vifaa hushuka kimyakimya hadi 100, na bahasha zikishakula fungu lao zinabaki 94.

Programu za kupimia nazo hazijibu swali moja. Speedtest, iliyoanza mwaka 2006, hutafuta seva iliyo karibu nawe na kuvuta data kwa mirija mingi kwa mpigo, kwa hiyo inakuonyesha uwezo wa juu wa njia yako. Fast, iliyoletwa na Netflix mwaka 2016, huvuta kutoka kwenye seva za Netflix zenyewe. Ukipima kwa seva ya Dar es Salaam unapima barabara ya kwenda sokoni, si ya kwenda Ulaya. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika upande wa kusini, mitandao ya Tanzania na majirani zetu ilizorota kwa siku kadhaa. Siku kama ile unaweza kupima kwa seva ya hapa mjini ukapata namba nzuri, na tovuti iliyo ng'ambo isifunguke. Kwa hiyo ukipima, andika pia umepima na seva ya wapi.

Hayo ndiyo ya kwetu. Sasa ya kwao.

Jioni ya siku ileile fundi aliniachia kebo. Saa 2 usiku nikapima mwenyewe, laptopu imechomekwa kwenye ruta, vifaa vingine vyote vimezimwa. Ikaja 13. Nikarudia saa 3. Ikaja 12. Hakuna ukuta hapo wa kuulaumu, wala kioo wala maikrowevu, ila waya mmoja kutoka kwao hadi kwangu.

Kasi ya usiku inashuka kwa sababu tunagawana. Faiba inayoingia nyumbani kwako haitoki makao makuu peke yake. Katika mfumo unaotumika sana duniani, uzi mmoja hubeba kama gigabiti 2.5 kwa sekunde na kugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Zikiwa 64 na zote zikivuta kwa wakati mmoja, kila nyumba inaangukia kama megabiti 39. Mbele zaidi, njia ya mtaa mzima hukutana na ya mitaa mingine, na hapo huenda bomba likawa jembamba zaidi. Anayetumia ruta ya laini ya simu anagawana mnara na kila mwenye simu aliye eneo hilo, hata abiria waliokwama kwenye foleni barabarani.

Kugawana si dhambi. Mpishi wa shughuli anajua kwamba wageni 300 hawaleti sahani zao kwa dakika moja, na anapika kwa hesabu hiyo. Bila hesabu hiyo hakuna ambaye angemudu bei ya faiba. Makosa huanza pale mwenye shughuli anapoendelea kugawa kadi wakati sufuria ni lilelile, kisha anayekuja saa ya chakula anaambiwa alialikwa kula "hadi" ashibe.

Katika nchi hii tunajua thamani ya kipimo. Kwa miaka mingi mkulima alilipwa gunia moja akatoa gunia na kilemba chake, tukaita lumbesa, na serikali ikaipiga marufuku. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za buchani na pampu za vituo vya mafuta. Hakuna kituo kinachoruhusiwa kukuuzia "hadi lita 10" kisha ukakuta umetiliwa lita 4. Intaneti ya nyumbani leo ni bidhaa kama mafuta na unga. Mtoto anasomea, fundi cherehani anapokelea oda, mama anaongea na mwanawe aliye Muscat. Kwa nini hii peke yake iuzwe kwa neno lisilo na sakafu?

Wenzetu wameshalishughulikia neno hili. Uingereza zamani iliruhusu tangazo la "hadi" ilimradi mteja mmoja kati ya 10 aweze kuipata kasi hiyo. Tangu Mei 2018 wasimamizi wa matangazo wakabadili utaratibu: kasi inayotangazwa lazima iwe ile inayopatikana kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, na kwa majumbani saa hizo ni kuanzia saa 2 mpaka saa 4 usiku. Marekani, tangu Aprili 2024, makampuni makubwa hulazimika kuonyesha kwenye lebo ya kifurushi kasi ya kawaida ya kupakua na kupakia, pamoja na bei na ada zake.

Naomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) itupeleke huko. Kanuni za ubora wa huduma tunazo. Kinachokosekana ni namba moja kwenye kila bango na kila mkataba: kasi ambayo nusu ya wateja wanaipata saa 2 usiku, ikipimwa kwa kebo kwenye ruta. Watoa huduma husema hawawezi kuwajibika kwa kuta za nyumba yangu. Nakubaliana nao, ndiyo maana nasema kwa kebo. Husema pia kwamba kuongeza uwezo kutapandisha bei. Basi watuambie bei ya 30 ya kweli na bei ya 13 ya kweli, tuchague wenyewe. Kuna nyumba ambazo 13 inazitosha kabisa, na hazikupaswa kulipia 30 ili ziipate.

Nanyi wasomaji, msingoje kanuni. Pimeni kwa kebo, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, asubuhi, mchana na saa 2 usiku, kwa siku 7. Andikeni tarehe, saa, seva na namba. Pelekeni kwanza kwa mtoa huduma wenu, mdai namba ya kumbukumbu ya lalamiko, na wasipojibu mpande TCRA. Mtu mmoja akisema "mtandao unasuasua" ataambiwa azime ruta aiwashe tena. Ni vigumu kumjibu hivyo mwenye vipimo 21 mkononi.

Vya kwangu viko kwenye daftari la shule lililofungwa kwa uzi pembeni ya ruta, kwenye korido. Rehema ndiye mwandishi. Asubuhi zote saba ni kati ya 27 na 29, na usiku hakuna hata mmoja uliofika 15. Barua tumeipeleka Ijumaa. Jumanne hii, saa 2 kasoro dakika 10, alivuta kiti mpaka koridoni, akachomeka kebo ya buluu, akafungua kipindi akiwa ameegemea ukuta. Mwalimu hakuganda. Lakini sikuinunua intaneti ili binti asomee koridoni.