Radi kwenye nguo ya Japani



Juma hili tutazame nguo ya mbali: kimono, vazi la asili la Wajapani. Mara nyingi hali ya hewa imechorwa juu yake: mawingu, ukungu, theluji, hata radi.

Nani atapenda kuvaa radi? Sisi wa mashariki mwa Congo, ambako radi hupiga kuliko karibu sehemu zote za dunia, tunaijua kwa misiba. Wajapani nao waliiogopa. Lakini wakulima wao waliona kwamba ngurumo nyingi zinakuja wakati mpunga unapotoa masuke. Wakasema radi ndiyo inayoupa mpunga mimba. Ndiyo sababu mwanga wa radi kwa Kijapani unaitwa inazuma: ina ni mpunga, na tsuma, kwa lugha ya zamani, ni mwenzi wa ndoa, mume au mke. Kwenye nguo huchorwa kwa mistari iliyokunjwa yenye pembe kali, na maana yake ni mavuno mema.

Theluji ni vilevile. Inafunga njia na kuleta baridi kali. Lakini ile ya milimani, joto likirudi, inayeyuka na maji yake yanajaza mashamba ya mpunga. Kwa hiyo theluji nyingi ni dalili ya mwaka wa shibe. Mwaka 1832 mtawala mmoja, Doi Toshitsura, alitoa kitabu cha michoro ya chembe za theluji alizozitazama kwa mikroskopu. Watu wakaipenda, ikaenea mpaka kwenye nguo. Hata wakati wa joto kali watu huvaa picha ya theluji, ili anayeitazama asikie ubaridi.

Lakini picha ni picha. Radi ya kweli inaua. Ngurumo zikianza, mama, acha jembe, usijifiche chini ya mti, ingiza watoto nyumbani.

Hivyo ndivyo akili ya shamba ilivyotunzwa ndani ya nguo. Vikwembe vyetu pia vina majina na maneno yake, na wanaoyajua vizuri ni wazee. Juma hili, binti akifungua sanduku la bibi yake, amuulize: hiki kinaitwaje, na kinasema nini?