Tusiitupe Themostati: Maoni juu ya Matunzo ya Pikapu Kuukuu

Mgeni azurupo baadhi ya shule zetu za sekondari haoni ajabu kukuta, nyuma ya jengo la utawala, pikapu iliyoinuliwa juu ya mawe, haina magurudumu, na kuku wanatagia chini yake. Akiuliza sababu, ataambiwa kwamba gari lilizeeka. Mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha Fizikia, nimefikia hatua ya kutoliamini jibu hilo upesi. Mengi ya magari hayo hayakufa kwa uzee. Yaliuawa na makosa madogo ambayo hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili angaliweza kuyazuia, laiti angalizoezwa kulitazama gari kwa jicho lile lile analotazamia vyombo vya maabara.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Anayemiliki gari lililokwisha kutumika, awe mtu binafsi au shule, hana budi kulitunza kwa mikono yake mwenyewe kadiri awezavyo. Na mahali panapofaa kuanzia kujifunza matunzo hayo ni darasa la sayansi. Nitaieleza hoja hiyo kwa kutumia kifaa kimoja kidogo, kinachoenea kiganjani, ambacho wengi wetu tumekwisha kukitupa. Kifaa hicho ni themostati.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya bweni kwenye nyanda za juu za Iringa. Shule ilikuwa imenunua pikapu ya dizeli iliyotumika miaka kadhaa mikononi mwa wengine. Ilipofanyiwa matengenezo ya kwanza, fundi aliichomoa themostati, akatuonyesha, akasema, "Hiki ni kifaa cha nchi za baridi, walimu wangu. Huku kwetu kazi yake ni kuchemsha injini tu." Sote tuliokuwapo tulikubali, na mwalimu wa Fizikia alikuwa mmojawetu. Wiki ile ile nilikuwa nimefundisha habari za vitu kutanuka kwa joto, na mfano mmojawapo niliotoa ulikuwa wa nta, ambayo huongezeka ujazo inapoyeyuka. Haikunipitia akilini kwamba somo langu lilikuwa limelala pale, kwenye kiganja cha fundi.

Miezi michache baadaye gari hilo lilikuwa likirejea kutoka Morogoro na shehena ya mabati na vitabu. Katikati ya mwinuko wa Kitonga lilichemka. Dereva alisubiri kidogo, akafungua kifuniko cha rejeta, akamimina maji ya baridi ya kijito. Silinda hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda za injini, kikapasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulitugharimu muhula mzima bila gari. Katika muhula huo mwanafunzi mmoja aliugua malaria kali usiku, nasi tukamsukuma juu ya baiskeli kilomita 11 hadi kituo cha afya. Alipona, nashukuru. Lakini tangu usiku ule sijapata tena kufundisha somo la joto kwa wepesi niliokuwa nao zamani.

Basi na tuitazame kazi ya kifaa hicho. Lita moja ya dizeli ina nishati ipatayo megajuli 36. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa kazi. Theluthi ya pili hutoka pamoja na moshi. Na sehemu kubwa ya inayobaki hupokewa na maji ya kupozea, ambayo huipeleka kwenye rejeta ili ipotelee hewani. Injini imesanifiwa kufanya kazi vizuri maji hayo yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Sentigredi hivi. Themostati ni mlango uliowekwa katika njia ya maji. Ndani yake mna kichupa cha metali chenye nta iliyochanganywa na unga wa shaba. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini peke yake yapate joto upesi. Yafikapo kiwango kilichopigwa chapa juu ya kifaa chenyewe, tuseme nyuzi 82, nta huyeyuka na kutanuka, husukuma kijiti, mlango hufunguka, na maji huelekea kwenye rejeta.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba imani ya kuwa themostati ni ya nchi za baridi haina msingi. Katika nchi ya joto, mlango hufunguka mapema na kubaki wazi zaidi; nta haiulizi ramani. Tena, si kila mahali petu pana joto: asubuhi ya mwezi Juni huko Njombe humtia baridi hata mwenye koti.

Injini isiyo na themostati hupata hasara tatu. Kwanza, katika safari fupi fupi haifikii joto lake, na kwa hiyo mafuta hayaungui sawasawa na gari hula dizeli zaidi. Pili, maji yatokanayo na mwako huingia katika oili, na kwa kuwa oili haipati joto la kutosha kuyafukuza, huchanganyika na masizi na asidi yakawa tope linalolika chuma. Hasara ya tatu ndiyo iliyotupata Kitonga. Katika injini nyingi mlango huo una upande wa pili: unapofungua njia ya rejeta, papo hapo huiziba njia ya mkato iliyokuwa ikiyarudisha maji kwenye injini. Themostati ikiondolewa, njia zote mbili hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi katika injini bila kupozwa. Kwenye barabara tambarare pengine hakuna atakayetambua. Gari likipanda mlima na mzigo, injini huchemka. Hivyo kile kilichoondolewa ili gari lisichemke ndicho kilicholichemsha kwa kukosekana kwake.

Jaribio la kukihakiki kifaa hiki ni rahisi. Tundika themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako cha sufuria. Weka kipimajoto karibu yake. Pasha maji polepole huku ukiyakoroga, uandike joto ambalo mlango unaanza kufunguka na joto ambalo umefunguka wote. Linganisha na namba iliyopigwa chapa. Ikiwa haifunguki kabisa, ni mbovu. Inunuliwe nyingine ya kiwango kile kile. Hilo ni jaribio la kipindi kimoja, na vyombo vyake vimo katika maabara iliyo duni kuliko zote.

Swali lililotupasa kumwuliza fundi siku ile lilikuwa fupi: kwa nini aliyeiunda injini alikitia kifaa hiki hapa? Swali hilo hilo laweza kuulizwa kila sehemu ya gari, na takriban kila jibu lake limo katika mtaala.

Chukua kifuniko cha rejeta. Springi yake huruhusu kanieneo kupanda ndani ya mfumo hadi kuzidi ile ya nje kwa karibu kanieneo moja ya angahewa, na maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mahali palipo mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea hudhuru zaidi nyanda za juu kuliko pwani. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya iwe hatari kukifungua injini ikiwa moto: kanieneo hushuka ghafla, maji huchemka yote kwa mara moja, na mvuke humwunguza mfunguaji usoni.

Chukua mafuta ya breki. Hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishafyonza maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yenye maji huchemka, na mvuke, tofauti na kimiminika, hugandamizika. Dereva hukanyaga pedali ikazama bila gari kusimama. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni ya Pascal anaijua sababu, naye hatashangaa akiambiwa kwamba mafuta hayo yapasa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Chujio la hewa nalo lipo kwa sababu vumbi la barabara zetu lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda na huikwaruza kama msasa. Betri ya asidi na risasi yenye vifuniko hupimwa kwa haidromita: ikijaa chaji husoma karibu 1.27, na ikishuka chini ya 1.20 imebaki na nusu tu. Yote haya ni Fizikia na Kemia, na yote yaweza kufanywa na mwenye gari bila kulala chini ya uvungu.

Najua kwamba kuna watakaonipinga. Wapo watakaosema kwamba nawanyang'anya mafundi riziki. Sivyo. Kusaga valvu, kupima pampu ya nozeli na kufungua giaboksi ni kazi za fundi mwenye uzoefu na zana, na mwenye gari anayezijaribu kwa kubahatisha atamlipa fundi mara mbili. Fundi mwema hunufaika na mteja anayeelewa, maana huletewa gari mapema, pamoja na maelezo ya kweli juu ya ugonjwa wake.

Wapo pia watakaosema kwamba magari ya siku hizi yanaendeshwa na kompyuta. Ni kweli kwamba mengi yamebadilika tangu Land Rover ya kwanza ilipotolewa mwaka 1948 na Toyota Hilux mwaka 1968. Hata hivyo, pikapu ya dizeli iliyojaa kompyuta bado inahitaji maji, oili safi, hewa iliyochujwa, breki na tairi zenye upepo wa kutosha, na bado inakufa ikivikosa.

Pingamizi la tatu ni la usalama, nami naliheshimu. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe stendi imara na magurudumu yazuiwe. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, basi moto usisogezwe. Vumbi la breki za magari ya zamani lisipulizwe, kwani huweza kuwa na asbesto. Oili chafu isimwagwe ardhini. Wanafunzi wasiguse gari pasipo mwalimu. Shule ambayo haiwezi kuyazingatia haya na isianze.

Kwa shule inayoweza, napendekeza hatua tatu. Kwanza, pawe na daftari la gari, ambamo kila juma kundi moja la wanafunzi, wavulana na wasichana, litaandika kina cha oili, kimo cha maji, kanieneo ya tairi, kilomita zilizosafiriwa na lita zilizotiwa. Pili, tarakimu hizo zichorewe grafu darasani. Gari linaloanza kula dizeli kupita kawaida huonekana kwenye grafu kabla dereva hajalalamika. Tatu, fundi wa mjini aalikwe shuleni angalau mara moja kwa muhula, asimame mbele ya darasa, aulizwe maswali na aulize yake.

Hatua hiyo ya mwisho naiona kuwa kubwa kuliko zote. Nimemfikiria mara nyingi fundi yule wa mwaka 1994, wala simlaumu. Alirudia alichofundishwa na fundi aliyemtangulia, na hakuwa amepata mtu wa kumweleza habari za nta. Mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake, ana chaki mfukoni, akakaa kimya. Elimu ilikuwa kwangu na spana ilikuwa kwake, na baina yetu gari likapasuka.

Mwalimu mwenzangu, kama kwenye shule yako ipo pikapu ambayo ingali inatembea, waongoze wanafunzi wako kwenye gari hilo juma hili, injini ikiwa imepoa. Fungueni boneti. Kisha muulize dereva kama themostati ingalimo.